Mawili ya Kusahihisha

Kiingereza kina roho mbaya. Sisi neno tukilisikia tunaliandika, kazi imekwisha. Wao wana maneno mawili yanayotamkwa sawasawa, kisha kila moja lina tahajia yake, na ole wako uyachanganye. Mwalimu alizeekea darasani akiwatenganishia watoto wa watu mapacha hayo. Sasa amestaafu, na mwanafunzi wake amebaki mmoja tu: fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, ambaye watu walimwita Mama Vifungo.

Mama Vifungo alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa Kiingereza. Akifaulu, angekwenda ng'ambo kuishi na binti yake wa pekee, aliyejifungua huko bila hata shangazi wa kumshikia mtoto. Basi kila jioni alifunga duka, akaja na vipande vya nyuzi vimemganda kwenye sketi, akaketi ng'ambo ya meza. Mwalimu alisoma imla kwa mtindo wake wa miaka yote: anataja neno, anatunga sentensi yenye neno hilo, kisha ananyamaza mpaka kalamu itulie.

"Sea," alisema, akatunga sentensi kwamba bahari iko mbali na nyumba yake. Kisha, "See," na sentensi kwamba siku ya Jumapili haoni mtu.

Mama Vifungo aliinua kichwa. "Mwalimu, mbona sentensi zako zote zimenuna?"

"Andika, mama. Hatukuja hapa kupiga soga."

Lakini soga ndiyo iliyokuwa dawa yake, na alijua. Tangu mkewe afariki, nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba friji ikinguruma alishtuka. Wanawe walipiga simu za harakaharaka, shikamoo na kwaheri zikifuatana pua na mdomo. Aliyevuta kile kiti cha pili alikuwa Mama Vifungo peke yake. Ndiyo maana kila mama huyo alipouliza kama sasa anaweza kujiandikisha kwa mtihani, Mwalimu alijikuna kidevu akasema, "Bado kidogo." Hiyo bado kidogo ilikuwa imekwisha kula miezi.

Jioni moja Mama Vifungo alikuja amenyong'onyea.

"Wanafunga kuandikisha wiki hii. Binti yangu jana amelia kwenye simu. Niambie ukweli, Mwalimu."

Mwalimu alivuta daftari na kalamu nyekundu. Yote sawa, isipokuwa our na hour, yetu na saa, aliyoyaandika hili mahali pa lile kama jana na kama juzi. Asiyejua hukosea ovyo, leo hapa, kesho pale. Huyu alikosea palepale kila siku, tena kwa mwandiko uliotulia.

"Wewe unakosea makusudi," alisema.

Mama Vifungo alizungusha kalamu vidoleni. "Siku ile nilipopata yote ulinipa hongera, lakini uso ulikushuka. Nikasema basi, niwe nakuachia mawili ya kusahihisha."

Mwalimu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Mtoto alikuwa analelewa bila bibi kwa sababu ya mzee asiyetaka kubaki na friji.

"Uko tayari tangu zamani," alisema. "Ni mimi niliyekuzuia, kwa kuogopa upweke. Kesho kajiandikishe."

"Na wewe je?"

"Mimi nina friji."

Walicheka, kisha mama wa watu akajifuta macho kwa kiganja.

Alifaulu. Siku ya kuaga alikuja amevaa gauni jipya, hana uzi hata mmoja, na alipoinuka alikisukuma kiti vizuri chini ya meza, kama mgeni.

Jioni iliyofuata, Mwalimu alikivuta tena kile kiti kitupu, kisha akaenda kukaa upande wake wa meza.

"Our," alisema, akatunga sentensi kwamba meza yetu ina viti viwili.

Kisha akanyamaza. Alingoja sana, maana Mama Vifungo alikuwa anaandika polepole.