Aliyemfundisha Gelasius Kupika

Siku ya tisa tangu homa ya matumbo imlaze kitandani, Febronia alisikia kisu kikikata kitunguu jikoni kwake. Kilikwenda haraka, bila kusita. Hakuwa mwanawe, kwa sababu Ritha alikuwa na miaka sita na alikatazwa kugusa kisu. Mtu mwingine aliyekuwamo ndani ni mumewe Gelasius, na katika miaka minane ya ndoa Gelasius hakuwahi hata kuchemsha chai.

Alijikokota hadi mlangoni, akashika fremu. Gelasius alikuwa ameketi kwenye kigoda. Kitunguu kilikuwa kimekatwa vipande vidogo kama punje za mchele, na pembeni kulikuwa na kiporo cha ugali wa jana, nacho amekikata vipande vyembamba.

"Unafanya nini, Baba Ritha?"

"Napika. Rudi ukalale."

Ritha alikuwa mtoto mgumu wa kula. Mchuzi ukigusa ugali, hali. Dagaa akiwaona macho, hali. Mlenda ndiyo kabisa, anakimbilia nje. Febronia alipokuwa mzima alimbembeleza, akamtisha, mwisho akaishia kumchemshia viazi. Tangu augue, hata nguvu za kubembeleza zilimwishia, na mtoto alikuwa akishinda kwa chai na mkate.

Gelasius alikaanga kitunguu, akatia vile vipande vya ugali, akavigeuza mpaka vikawa vya kahawia na vigumu kidogo kwa nje. Akachukua dagaa wa Nkome, akawaondoa vichwa, akawakausha kwenye kikaango bila mafuta, kisha akawatwanga pamoja na karanga mpaka wakawa unga. Akaunyunyiza juu, akampelekea mtoto sahani kavu isiyo na tone la mchuzi.

Ritha alinusa. Akala kipande kimoja, kisha cha pili. Akafuta sahani kwa kidole.

"Baba, kuna vingine?"

Febronia alitakiwa kufurahi. Badala yake alirudi kitandani, akageukia ukuta. Mwanaume hajui kupika kwa usiku mmoja. Kuna aliyemfundisha, na huyo aliyemfundisha ana jiko lake.

Kesho yake Gelasius alipika mchele na choroko katika sufuria moja, akatia na nazi. Keshokutwa akapika michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaiponda na karanga hata Febronia, ambaye chakula kilikuwa kikimkaba, akamaliza bakuli. Alipomaliza akauliza, "Nani kakufundisha?"

"Kambini kule machimboni tunajipikia."

"Si ulisema mnanunua kwa mama lishe?"

Gelasius alichukua bakuli, akaenda kuliosha. Hakurudi upesi.

Kuanzia hapo Febronia alianza kuchunguza. Zamani mumewe akirudi kutoka machimboni baada ya wiki mbili, nguo zake zilijaa udongo mwekundu usiotoka hadi maji ya tatu. Sasa shati lilinuka moshi na mafuta. Kucha zilikuwa safi. Mikononi alikuwa na alama ndogondogo za kuungua. Siku Gelasius alipompeleka Ritha shule, Febronia alifungua begi lake. Chini kabisa, ndani ya gazeti, akakuta aproni ya kitenge cha maua ya njano.

Febronia alikuwa fundi cherehani pale sokoni Katoro, na nguo kwake ilisema mengi. Aproni ilishonwa kwa mkono, si kwa mashine. Kamba zake zilikuwa ndefu, za kuzunguka kiuno cha mwanaume. Kuna mtu alimpima. Aliikunja kama alivyoikuta, akairudisha.

Gelasius aliondoka Jumatatu. Alhamisi Febronia alimwacha Ritha kwa jirani, akapanda bodaboda. Alishuka machimboni. Kwenye duara, shimo alilokuwa akichimba mumewe, alimkuta Cornel, rafiki yake wa siku nyingi.

"Shemeji! Umepona?"

"Naendelea. Gelasius yuko chini?"

Cornel alitazama pembeni. "Siku hizi hayuko duarani, shemeji. Yuko kwa Limi."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Febronia alifuata kidole cha Cornel hadi kwenye kibanda cha maturubai kilichokuwa kikifuka moshi. Mbele yake alisimama mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, mzuri wa sura. Kichwani alijifunga kilemba cha kitenge cha maua ya njano.

Febronia alikitambua kitenge kile. Kabla hajafungua mdomo, yule mwanamke aligeukia ndani na kufoka, "Gelasius! Maharage yanaungua, unaota?"

"Nayaona, bosi!"

Gelasius alitoka amekumbatia sufuria kubwa, aproni kiunoni. Akamwona mkewe. Akaiweka sufuria chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Mama Ritha."

"Niambie mwenyewe," Febronia alisema. "Usinifanye niulize."

Akamwambia. Wiki ya Pasaka magogo ya matimba yaliyoshikilia ukuta wa duara yalikatika. Yeye na Cornel walifukiwa hadi kifuani, wakakaa hivyo tangu asubuhi mpaka jua linazama. Cornel alirudi chini baada ya siku tatu. Yeye alijaribu mara tatu, na mara zote tatu miguu ilikataa pale mdomoni mwa shimo. Watu wakacheka. Limi alikuwa akitafuta mtu wa kubeba masufuria na kukata vitunguu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba mumeo anamenya viazi?"

Febronia alimgeukia Limi. "Na aproni? Ulishona wewe?"

"Nilishona mimi, mayu. Alikuwa anaunguza mashati kila siku. Mshono mbaya, najua, ameshaniambia mkewe ndiye fundi." Limi alikaza kilemba chake. "Tena mpokee huyu unipunguzie. Kutwa ananiuliza ampikie nini mtoto asiyetaka mchuzi uguse ugali, ampikie nini mtu asiye na nguvu ya kutafuna. Mimi nina watu arobaini wa kulisha!"

Febronia hakuamini papo hapo. Aliketi kwenye benchi tangu saa sita mpaka wachimbaji wa mwisho walipokula na kuondoka, akiwatazama wale wawili: macho yao, mikono yao, nani anampisha nani. Aliona bosi akigomba na kibarua akiitikia. Kilichomuuma zaidi ni kwamba tangu Pasaka mumewe alikuwa amelala kando yake na hofu ile, naye hakuijua.

"Jumapili uje nyumbani," alimwambia mumewe wakati wa kuondoka. "Na upike mlango ukiwa wazi."

Jumapili baada ya misa, Marcel, kaka yake Gelasius, aliwatembelea. Alimkuta mdogo wake ameinamia jiko, akasimama mlangoni. "Umelishwa nini wewe? Mwanaume mzima!"

"Shemeji," Febronia alisema, "ukitaka kula, kaa. Ukitaka kucheka, kachekee kwako."

Marcel alikaa. Alikula sahani mbili.

Hata hivyo, mwezi ule Febronia alikwenda machimboni mara mbili bila kutoa taarifa. Mara zote mbili alimkuta Gelasius akimenya viazi. Limi hakumuuliza amefuata nini; alimpa sahani na kumsogezea benchi. Mara ya tatu alifika kwenye kijiwe cha bodaboda, dereva akawasha pikipiki, naye hakupanda.

"Twende, mama?"

"Hapana," alisema, akageuka kuelekea sokoni. Kulikuwa na sare za shule za kumalizia.