Lala, Maana ya Nne

Wiki ya tatu hii nahangaika na neno moja la kamusi: lala. Wenzangu ofisini wakipita mezani kwangu hunitania, "Vipi, bado umelala?" Nawaambia wacheke tu. Neno hili ni kongwe kuliko Kiswahili chenyewe, lugha ndugu zetu kibao zinalo, na mimi nashikilia kwamba lilianza na mwili kunyooka chini; usingizi ulidandia baadaye.

Maana ya kwanza, basi, nimeandika kujinyoosha. Ya pili, kushikwa na usingizi. Ya tatu, kukaa mahali usiku kucha, ndipo tukapata malazi. Ya nne ni tafsida: kufa. Lala hilohilo ndilo lililozaa kulazwa hospitali, na Mama alilazwa juzi.

Mchana dada yangu akapiga simu kutoka hospitali. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Kaka, Mama amelala."

"Amelala maana ya ngapi?"

Ndivyo nilivyouliza, mtu mzima na akili zangu. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Wewe na kamusi yako! Najuaje mimi? Anapumua. Daktari anamwita, anamfinya, haamki."

Nilitoka mbio, kalamu bado mkononi. Njia nzima nilizipitia zile maana nne, moja baada ya nyingine. Hakuna iliyomfaa Mama.

Wodini mlikuwa na vitanda vitano. Mama alikuwa kwenye cha dirishani, uso umetulia kabisa, na utulivu huo ndio ulioniogopesha. Dada alikuwa anamsugua miguu.

"Sio usingizi huu," muuguzi akaniambia, "na hajatutoka. Jaribuni ninyi kumwita kwa jina lake, sauti zenu anazijua. Wengine hulisikia jina lao hata kama hawasikii kingine."

Nikamtazama dada, naye akainamisha kichwa. Jina la Mama tunalijua, tumelijaza kwenye fomu mara chungu nzima. Lakini kulitamka mbele yake, mimi mwanawe? Nilifungua mdomo, ulimi ukagoma. Nikajaribu tena. Machozi yakanitoka kwa hasira, jina lisitoke.

"Mwite basi, kaka," dada akanisihi. "Mimi nimeshindwa."

Nikainama sikioni kwake.

"Mama." Nikapaza sauti: "Mama!"

Wagonjwa wanne wakageuza vichwa. Mmoja akaitika, "Naam, mwanangu?"

Wangu hakuitika.