Pua ya Tonai na Kilima cha Majani

Tangu kijiji chetu cha Okuno kianze kulima mpunga, hajapata kutokea mla kiapo mwenye moyo mtulivu kama mimi, Tonai. Muulizeni yeyote. Ila msimuulize mama, maana asubuhi ile ya kwenda hekaluni yeye ndiye aliyenifunga mkanda, mikono yangu ilikuwa haishiki kitu.

"Ni baridi tu," nilimwambia.

"Baridi ya kugonganisha magoti hivyo?" Kisha akashusha sauti. "Pua yako, mwanangu. Usiinamishe kichwa ovyo."

Pua yangu ilikuwa siri ya nyumba yetu. Kila majira ya baridi hutoka damu yenyewe, bila kuguswa na mtu. Na sheria ya shogun, mtawala wetu wa kijeshi, iliyoletwa kutoka mji wake wa Kamakura, haina mchezo: pande mbili zikibishana na ushahidi hakuna, kila upande unatoa mtu wa kula kiapo, na hao wawili wanafungiwa hekaluni siku saba. Atakayetokwa damu puani, au kupaliwa na chakula, au kunyewa na kunguru, au kutafunwa nguo na panya, basi ameapa uongo, na upande wake umeshindwa.

Sisi na watu wa Shimode tulikuwa tunagombea kilima cha majani kilicho katikati yetu. Majani yake ndiyo mbolea ya mashamba. Ukikikosa kilima, umekosa mpunga. Sisi tulisema jiwe la mpaka liko palepale lilipokuwa siku zote. Wao walisema limesogezwa. Wazee wetu walinichagua mimi kwa sababu kwenye mkutano nilikuwa nimejigamba mpaka nikakosa njia ya kurudi.

Shimode walimleta Magoji, jitu lenye mabega mapana kama mlango wa ghala. Walinzi wa vijiji vyote viwili walikaa langoni wakiota moto. Ndani tulibaki sisi wawili pamoja na Bibi Torame, mtunza hekalu, aliyetupikia na kufagia theluji. Masikio yake yalikuwa mazito, kwa hiyo hata akikuomba chumvi alipiga kelele kama anaita watu wa bonde la pili.

Chakula cha kwanza kilikuwa wali na figili za chumvi. Nilikula punje moja moja.

"Unakula au unafanya uchumba na huo wali?" Magoji aliuliza.

"Mbona wewe hujagusa hata vijiti vya kulia?"

"Nasubiri nikuone wewe umepona."

Hatukutembea chini ya miti, kwa kuwa kunguru walijaa huko. Tukienda chooni tulikimbia tumefunika vichwa kwa mikeka, na Bibi Torame akatuuliza kwa sauti ya mlimani kama tumeibiana kitu. Tulizoeana hivyohivyo. Siku moja, tukiwa tumekaa barazani tunaota jua, nilimuuliza swali lililokuwa linanikera.

"Magoji, wewe uliliona jiwe likisogezwa?"

"Mimi? Babu aliniambia. Na wewe uliliona likikaa palepale?"

"Babu aliniambia."

Akakuna kidevu. "Sasa miungu itamtoa damu nani, sisi au mababu?"

Nilicheka. Hapo ndipo pua ilipopasuka.

Tone la kwanza lilianguka kwenye theluji chini ya baraza. Likafuata la pili, kisha nikaacha kuhesabu. Magoji alinitazama. Alikuwa na haki ya kupaza sauti. Walinzi wake walikuwa palepale langoni, na kilima chote kingekuwa cha Shimode kabla wali haujaiva. Niliona majani yetu yakibebwa na watu wengine, na mama akitazama shamba tupu.

Magoji alikunjua mkono wake wa kushoto, ambao tangu jana yake alikuwa ameubana kwapani. Mkono wa nguo ulikuwa na tundu la kupitisha yai, kingo zake zimeng'atwang'atwa.

"Panya wa hapa hawana adabu," alisema polepole. "Inua kichwa, mwenzangu. Bana hapo juu ya pua."

Damu ilipokatika, tulizoa theluji yote nyekundu, tukajifunika mikeka yetu kwa ajili ya kunguru, tukaifukia chini ya mwerezi mkubwa, tukaikanyaga mpaka ikalingana na nyingine. Tangu hapo Magoji alikula wali wake bila kunisubiri.

Siku ya mwisho kulikuwa na jua kali. Vijiji vyote viwili vilijaa uani. Bwana Munekage, afisa wa shogun katika bonde letu, alifika juu ya farasi, akamfunga, akatukagua mmoja mmoja kuanzia utosini. Magoji alisimama amekunja mikono kama mtu mwenye heshima nyingi.

"Sioni alama yoyote," Bwana Munekage alisema. "Wote mmesema kweli. Kilima kigawanywe katikati, nusu Okuno, nusu Shimode."

Watu wakashusha pumzi. Mama alikuwa anafuta macho. Mambo yangeishia hapo, kama mdomo ungekuwa wa mtu mwingine.

"Bwana," nilisema, nimetanua kifua, "mtu mwenye moyo safi hahangaiki. Mimi siku zote hizi sikutokwa hata tone."

Bibi Torame alikuwa amesimama karibu, ameshika fagio lake. Hakusikia vizuri, akamuuliza jirani nimesema nini. Jirani akamwambia tena sikioni.

"Tone?" bibi alisema kwa sauti yake ileile. "Tonai, mjukuu wangu, theluji ya pale kwenye mwerezi imeyeyuka. Mimi nilidhani mmechinja kuku."

Bwana Munekage aligeuka polepole kumtazama farasi wake, aliyekuwa amefungwa kwenye mwerezi, miguu yake myeupe imesimama katika kidimbwi chekundu.

"Na huyu mwingine, bibi?" aliuliza.

"Huyo nimemshonea mkono wa nguo leo asubuhi. Uzi ni wangu, nataka anirudishie."

Magoji alikunjua mikono, kwa kuwa hakukuwa na maana tena ya kuficha. Bwana Munekage alitutazama sote wawili, mdomo wake ukipigana na kicheko.

"Basi mmelingana," alisema. "Nusu kwa nusu, kama nilivyosema. Na wewe, kijana wa moyo safi, nenda kamwoshe farasi miguu."

Nikaenda nimeinua kichwa juu, nimebana pua, maana ilikuwa imeanza tena, mbele ya watu wote.