Wimbi Lililosimama Rasini

Asubuhi ya Jumatatu nahodha wa tagi, ile boti fupi yenye nguvu inayovuta meli kuziingiza bandarini, alileta mashati yake meupe kwa dobi. Dobi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Aliyakung'uta moja moja, akakuta doa la wino mfukoni.

"Litatoka?" nahodha akauliza.

"Litatoka."

"Nayataka Ijumaa bila kukosa. Jumamosi alfajiri tunakwenda kulivunja lile wimbi. Linachelewesha meli, basi tunalipelekea baruti." Akageukia mlangoni. "Na pole tena kwa wifi yako. Bahari haina adabu."

"Asante," dobi akasema.

Nahodha alipoondoka, dobi alishika pasi, lakini shati likapata mikunjo miwili pale palipotakiwa mmoja. Akairudisha pasi mahali pake, akakaa juu ya kapu la nguo chafu.

Mwaka uliopita yeye na wifi yake, dada wa mumewe, waliondoka kwa kayaki mbili, ile mitumbwi myembamba ya plastiki ya mtu mmoja mmoja. Walinuia kupiga kasia kutoka mnara wa taa wa kaskazini mpaka mlango wa mto ulio mwisho wa pwani. Wazo lilikuwa la wifi. Alikuwa mwalimu wa kuogelea, mcheshi, mvivu wa kuamka, na kila siku alikaa nyuma kwa sababu, alisema, mgongo wa dobi ulimkinga upepo. Walipofika kwenye rasi iliyo jirani na bandari, tagi ya nahodha yule ilitoka ndani ya ukungu bila taa wala honi, ikapita juu ya kayaki ya wifi. Dobi aligeuka akaona wimbi la tagi limeinuka, refu kama nyumba ya ghorofa, na wifi yumo ndani yake.

Wimbi halikuanguka. Kesho yake lilikuwa palepale, na wiki iliyofuata pia. Wavuvi walianza kulizunguka kama watu wanavyozunguka gari bovu barabarani, na bandari ikalifungia taa juu ili lisigongwe.

Wachunguzi walikwenda kulitazama. Maji yake yalikuwa maangavu kama kioo. Walimwona wifi ameketi. Waliona kayaki ya njano iliyopasuka, na ubavuni mwake rangi ya kijani ya tagi, na chapa ya pua ya chuma imebaki kwenye maji kama wayo kwenye saruji mbichi. Wakarudi, wakatoa taarifa kwamba chanzo cha ajali ni wimbi.

Jioni ya Jumatatu ile dobi aliwaambia watu wa nyumbani kwamba anakwenda kuimalizia safari, kuanzia pale ilipokatikia.

"Unatetemeka hata chai inamwagika," mumewe akasema, "na unataka kwenda baharini?"

"Natetemeka, na nakwenda."

Mumewe akamgeukia mama yake amsaidie. Mama mkwe alikuwa akichambua mchele. "Mwache mwenzio," akasema. "Mkwe wangu, ukimkuta, muulize ufunguo wa kabati lake kauweka wapi. Tumetafuta mpaka tumechoka."

Ijumaa dobi alikabidhi mashati, yamenyooka, doa limetoka. Jumamosi kabla jua halijachomoza aliichukua kayaki yake kwenye banda la wavuvi, akaingia majini.

Alijikaza kisabuni. Ulimi ulikauka kama kitambaa kilichosahauliwa kambani. Ukungu ulikuwa umeshuka. Kila alipoinua kasia alisikia injini, na kila aliposimama kusikiliza, palikuwa na moyo wake tu. Akajicheka kidogo. Kisha akasimama tena, na injini ilikuwepo.

Ilitoka upande wa bandari, nzito. Dobi alipuliza filimbi iliyoning'inia kwenye jaketi lake la kuelea. Injini haikubadilika. Akapuliza tena, akapiga kelele, akalitaja jina lake na la baba yake. Kushoto palikuwa na miamba, kulia palikuwa na mlio ule. Mbele, wimbi lilisimama na taa yake ikiwaka. Dobi alifumba macho, akapiga kasia, akaingia ndani yake.

Ndani palikuwa kimya. Kupumua kuliwezekana, kama mtu apumuavyo chumbani mlimoanikwa nguo mbichi. Wifi alikuwa ameketi na kasia mapajani, na vipande vya kayaki yake vimeshikana kwa sababu maji yalivibana.

"Umekawia, wifi," akasema.

"Nilikuwa naogopa."

"Hata mimi. Mwaka mzima naisikia inakuja."

"Mama anaulizia ufunguo wa kabati."

"Si uko juu ya kabati! Hawana macho?" Akacheka, kisha akageuza shingo kusikiliza. "Ile hapo."

"Ndiyo. Leo ina baruti. Kwa nini hukuondoka hapa?"

"Ningeondokaje? Wa mbele ni wewe. Mimi njia siijui."

Dobi akaigeuza kayaki yake kuelekea kusini, akatangulia. Wifi alichovya kasia, na wimbi zima likang'oka, likawafuata.

Tagi ilifika ikakuta maji matupu. Nahodha alizunguka kwa muda, akiwa amevaa shati safi. Kisha, kwa kuwa amri ilikuwa imeshatolewa, baruti ikatupwa palepale ikalipuliwa, na samaki wakaelea mpaka jioni.

Safari ikaendelea. Dobi alikuwa mbele, na nyuma yake wimbi, refu, bila haraka. Kwenye miji ya ufukweni watu waliliona linakuja wakavuta viti vyao nyuma, wakaendelea na mazungumzo. Dobi alikuwa amedhani kwamba akimpata wifi, hofu itamtoka. Haikumtoka, ilipata mwenzake tu. Walipolala kwenye vighuba, yeye mchangani, wifi ndani ya maji yake, mmoja akishtuka na mwingine huamka.

Kwenye mlango wa mto wimbi lilisimama mbele ya mchanga. Wifi aliutoa mguu mmoja nje. Mguu haukuonekana. Akaurudisha ndani, ukaonekana.

"Basi mimi nitakaa," akasema. "Si tumefika?"

"Tumefika."

Mume wa dobi na mama mkwe walikuja kwa basi. Mume alimtazama dada yake, kisha akaenda kununua maji ya kunywa. Mama mkwe aliketi kwenye kiti cha kukunja akamgombeza binti yake kuhusu kukonda.

Ofisa wa ufukwe naye akaja. Alivua kofia, akasogeza uso karibu na maji. Aliiona kayaki, rangi ya kijani, chapa ya chuma.

"Naona," akasema.

"Basi utasema?" mama mkwe akauliza.

"Mama, ilishasemwa kwamba ni wimbi. Na wimbi ndilo hili. Sasa mnataka nimtafute nani mwingine?" Akavaa kofia. "Ila lisogee kidogo. Linalowesha barabara."

Wifi alichovya kasia akalisogeza.

Ofisa alipokwisha kuondoka, mlio wa injini ulisikika kutoka baharini. Haikujulikana ni ya chombo gani. Mama mkwe alikunja kiti chake. Dobi aliingia majini mpaka magotini, akapenyeza mkono ndani ya wimbi, na wifi akaushika kwa vidole vya baridi. Walisimama hivyo wakitazama nje, na mlio ukazidi kukaribia.