Onja Kwanza

Filimbi ya homugadi, mgambo wa serikali, ilikuwa imeshalia, na mwanamke mmoja, Nelius, alikuwa bado ameinama kando ya handaki walilolazimishwa kulichimba kuzunguka kijiji, mikono magotini, anatafuta pumzi. Wenzake walikwisha kushuka na majembe. Hakuna aliyemcheka, kifua chake walikijua. Tangu serikali ya mkoloni iwatoe watu kwenye mashamba yao na kuwabana katika kijiji hiki kimoja, ambapo moshi wa jirani unaingia kwako bila hodi, na mvua ya masika hunyesha kila usiku, kifua hicho kilikuwa hakilali. Kilipiga mluzi usiku na mchana.

"Dada yako anakuja leo?" Alice, jirani yake, alimwuliza chini chini.

"Atakuja. Alisema... atakuja."

Mfukoni alikuwa na pampu yake, chombo kidogo cha kioo chenye mpira wa kubonyeza. Unatia matone machache ya dawa, unatoa pumzi yote, unaweka kioo mdomoni, unabonyeza huku ukivuta, kisha unabana pumzi kidogo. Dresa wa hospitali alimfundisha vizuri, tena kwa ukali: "Mara mbili, basi, ungoje. Usizidishe hata ukiona inakusaidia, hii inapiga moyo mbio. Na usimpe mtu mwingine, hata mtoto wako." Nelius alishika kila neno. Ila dawa yenyewe ilikuwa imeisha, na mtu wa kijiji hiki hatoki bila kibali, na kibali, wee! Omba mpaka uchoke.

Tegemeo lake lilikuwa Mwanatatu, dada yake wa tumbo moja. Alizaliwa Muthoni, akaolewa na Idrisi, muuza nyama wa mjini Embu, akasilimu. Watu wa mjini walipata vibali kwa urahisi kidogo. Jua lilipokaribia utosini akatokea langoni, leso imejaa matope, midomo imemkauka. Ilikuwa Ramadhani, naye alikuwa ametembea njia yote kwa miguu.

Langoni alisimama Njagi, mkubwa wa homugadi. Mwanatatu alimjua tangu utotoni, mama zao walichota maji mto mmoja.

"Umebeba nini, Mwanatatu?"

"Dawa ya Nelius. Si unamwona pale, hata kusimama hawezi. Nipishe, ndugu yangu."

Njagi aliinua chupa juani, akaitikisa. "Onja kwanza."

Kwao, anayekuletea uji au pombe huonja mbele yako, uone kwamba hakuna kitu ndani. Ni heshima ya zamani. Lakini tangu zisikike habari za homugadi kuwekewa sumu kwenye pombe, Njagi aliigeuza heshima hiyo kuwa sheria ya lango. Kila kinachoingia, aliyekileta akionje.

"Njagi, nimefunga. Na hii si uji, ni ya mwenye pumu peke yake. Mwingine akiivuta inamdhuru."

"Ohoo! Kumbe inadhuru?" Wenzake wakacheka. "Basi irudi mjini."

Alice alikuwa amemkokota Nelius mpaka langoni. Mwanatatu akamtazama mdogo wake. Kila akivuta pumzi, ngozi ya shingo ilizama ndani, na kucha zilikuwa zimegeuka rangi. Mungu atanielewa, akasema moyoni, akaichukua pampu mfukoni mwa Nelius.

"Dada, usi..." Nelius hakuweza kumaliza.

Mwanatatu akatia matone, akabonyeza, akavuta.

"Tena," Njagi akasema. "Hiyo umeipuliza nje."

Akavuta tena.

"Tena!"

Tumbo tupu, jua kali, na dawa isiyo yake. Moyo ukaanza kumgonga kwa nguvu, jasho likamtoka, mikono ikamtetemeka hata kioo kikagonga meno. Aliyeambiwa na dresa angejua ni nini. Njagi hakuambiwa. Aliona mwanamke aliyekataa kuonja, kisha akaonja, na sasa anatetemeka.

"Sumu!" Akaruka nyuma. "Mlitaka kutumaliza!"

"Ni moyo tu, Njagi, itapita, wallahi itapita..."

Njagi alikwisha kuimimina chupa yote kwenye matope. Woga wake ulikuwa wa kweli, sikatai. Lakini woga wa mtu mwenye bunduki hulipwa na nani, kama si wasio nayo?

"Wewe utangoja hapa mpaka afisa aje," akamwambia Mwanatatu. "Na kazi iendelee! Kipande cha Nelius kifike kina kinachotakiwa kabla ya jua kuzama."

Dada wawili wakaketi ukingoni mwa handaki, Mwanatatu amemkumbatia mwenzake kwa nyuma. Nelius alibonyeza pampu, ikatoa hewa tupu.

"Moyo wako... unakimbia," akasema.

"Ni dawa yako," Mwanatatu akajibu, akalia. Kifua chake kilikuwa wazi, pumzi inaingia na kutoka bila taabu, na alikichukia. Kama angeweza kukipasua akamrudishia Nelius dawa yake, angekipasua.

Filimbi ikalia tena. Mwanatatu akamwegemeza Nelius kwenye rundo la udongo, akatwaa jembe lake, akashuka. Alichimba. Nyuma yake alisikia ule mluzi wa kifua, mwembamba, kisha mwembamba zaidi. Akaongeza bidii, kana kwamba akimaliza mapema watamwachilia mdogo wake. Kisha hakuusikia tena.

Alice alitoa sauti moja, akajiziba mdomo.

Mwanatatu akapanda juu. Akayafumba macho ya mdogo wake, akamtoa pampu kiganjani, akamfunika uso kwa leso. Halafu akarudi chini akasimama tu, jembe mkononi.

Jioni Njagi alifika kutoka upande wa pili wa handaki na fimbo yake ya kupimia. Akaitumbukiza handakini, macho kwenye alama.

"Kina hakijatosha. Mwambie huyo dada yako amalizie."

Mwanatatu akapanda, akamwekea jembe mikononi.

"Mwambie mwenyewe."