Ukuta wa Muuza Maharage

Rasmané aliacha mashindano ya baiskeli zamani, lakini miguu haikukubali kuacha. Kila alfajiri alitoka nyumbani kwake Ouagadougou, akapiga pedali mpaka nje ya mji, kisha akarudi kufungua karakana yake. Hakuwa akijiandaa kwa lolote. Alirudi amechoka, akala tô ya jana, ugali wa mtama, kimya kimya. Mkewe, Habibou, alishaacha kumuuliza ameona nini njiani, maana jibu lilikuwa lilelile: lami.

Msimu wa vumbi, barabara kuu ya kusini ikafumuliwa kwa matengenezo. Ikabidi apite mitaa ya pembeni, kwenye nyumba za udongo zilizokwisha kupigwa alama nyekundu ili zibomolewe. Siku za mwanzo alipita kichwa chini. Kisha asubuhi moja mnyororo ukachomoka. Aliinama kuurudisha, na alipoinuka akajikuta anatazamana na uso wa bibi kizee, umejaza ukuta mzima kwa buluu na kahawia. Juu ya ngazi, msichana aliyeitwa Mariette alikuwa akimalizia kilemba kwa rangi ya kupuliza. Chini, bibi mwenyewe, Tipoko, alikuwa akiuza wali na maharage.

Rasmané alisimama pale mpaka jasho likamkauka mgongoni.

"Dada, si wanabomoa hapa?" akauliza. "Unajichosha bure."

Mariette hakugeuka. "Na wewe kaka, kila siku nakuona. Huwa unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nakwenda, narudi."

"Haya. Basi kila mtu aendelee na uchovu wake."

Rasmané hakukasirika. Kesho yake alipita tena, na siku iliyofuata, na Mariette akamwelekeza wenzake wanakochora. Akaanza kuwatafuta kwa baiskeli: mpiganaji wa mieleka nyuma ya machinjio, ndege wenye vichwa vya watu kwenye ukuta wa shule. Alipunguza mwendo, jambo ambalo hapo awali alilifanya akiumwa tu. Nyumbani akaanza kusimulia, kwa kusitasita, na Jumapili moja Habibou akatoa baiskeli yake ya sokoni, akasema anataka kumwona huyo bibi.

Walikuta ukuta umelala chini. Matingatinga yalikuwa yamepita Ijumaa. Mariette hakuwepo. Tipoko alikuwa palepale, amejitandikia turubai, anauza.

Rasmané aliketi juu ya kifusi. Akamweleza mkewe jicho la kushoto la ule mchoro lilivyokuwa dogo kuliko la kulia, na mikunjo ya shingo ilivyofuata nyufa za udongo. Alieleza mpaka sauti ikamkauka.

"Miaka yote ile ya mashindano," Habibou akasema, "hukuwahi kunieleza hata kijiji kimoja."

"Nilikuwa naangalia gurudumu la aliye mbele yangu."

Tipoko akawapakulia sahani mbili.

"Yule binti alinizeesha mno," bibi akalalamika. "Lakini watu walikuwa wanakuja kutazama, wanakula."

Walipomaliza, Rasmané aliona miguu imekuwa mizito, na upepo ulikuwa unawajia usoni. Habibou akasema yeye hapandi tena. Wakasukuma baiskeli kwa miguu, polepole, wakitazama kuta za pande zote mbili. Nyingi hazikuwa na kitu.