Kreti Arobaini za Batuli

Mwaka ule wa tisini na tatu, mvua zilishusha mchanga kutoka mlimani, ukafukia mistari miwili ya mizabibu ya Penina kule Makutupora, Dodoma. Mlima ulikuwa umebaki kipara. Miti yake ilipasuliwa mbao za masanduku ya kupakia zabibu, na masanduku hayo yakifika Dar es Salaam hayakurudi. Yaliishia jikoni, kuni.

Mwezi wa nane Batuli, mfanyabiashara wa Nkuhungu, Dodoma mjini, aliyenunua zabibu za Penina kwa miaka sita, alimfuata shambani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Safari hii sikuuzii kama utaleta masanduku ya mbao. Tazama mwenyewe." Akanyoosha mkono mlimani.

Batuli hakubisha. Alizunguka mjini siku tatu mpaka akapata kreti arobaini za plastiki kwenye duka lililokuwa linafungwa. Hazikuwepo nyingine. Zisiporudi kutoka Dar es Salaam, zabibu zilizobaki zingeozea shambani. Akazijaza zabibu, akazisafirisha kwa treni pamoja na barua kwa wifi yake Shamimu, muuza matunda wa Kariakoo: *Nakuomba, ukishatoa zabibu nirudishie kreti kwa treni ya Jumatano.*

Alhamisi asubuhi Penina naye alikuja stesheni. Treni ikaingia, behewa la mizigo likafunguliwa. Yakashushwa magunia ya sukari, yakashushwa marobota ya mitumba. Kreti hakuna.

Batuli alimgeukia Penina. "Nimekuponza, mama."

"Subiri kwanza," Penina alisema.

"Wifi! Wifi Batuli!" Shamimu alikuwa anapunga khanga kutoka behewa la nyuma kabisa. "Njooni mnipokee, treni isije ikaondoka nazo!"

Walikimbia. Kreti zilikuwa zimepangwa hadi darini.

"Behewa la mizigo lilijaa," Shamimu alisema akihema. "Na wenzangu sokoni walishazikalia, wanasema ni viti vizuri. Nikaona bora nije nazo mwenyewe. Zote arobaini zipo. Na zabibu, wifi, hakuna hata kichala kimoja kilichochomwa na msumari kama kwenye masanduku!"

Batuli alimkumbatia. Penina alicheka, kicheko kikubwa ambacho hakuwa amekicheka tangu mvua zile.

"Haya, tubebe," akasema. "Zabibu zimeiva, na jua halitungoji."

Kabla ya saa sita walikuwa Makutupora, wote watatu, wanakata vichala.